Kazi imekuchosha na unawaza kubadili fani? Fanya haya kabla hujaandika barua

Kuna uchovu wa kawaida, unalala ukiamka umepona. Alafu kuna ule wa Jumapili jioni, watu wako ufukweni Raskazone wanapunga upepo na watoto we umekaa nao lakini moyo ushaanza kuwa mzito kwa sababu kesho Jumatatu. Huu wa pili ukikaa na wewe miezi na miezi usiupuuze, na wala usikimbilie kuacha kazi wiki hii, kaa chini tulipange hili jambo vizuri maana linagusa watu wengi nyuma yako.

Najua kitu kinachowafunga mdomo wengi wa hapa Tanga ni aibu. Karani, mwalimu, dada wa benki, muuza duka la dawa, mtu ana kazi ambayo mtaani inaheshimiwa, akithubutu kusema imemchosha anaambiwa wenzio wanazunguka na bahasha hawapati we unalia na mshahara. Basi ananyamaza, anazidi kunyauka. Mi nasema hivi, usione aibu. Mji huu wenyewe umeshabadilishwa kazi kwa nguvu. Wazee wetu wengi walikuwa watu wa mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, Tanga ndo ilikuwa inaongoza, alafu kamba za nailoni zikaingia sokoni bei ikaporomoka, mashamba yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Mtu aliyezeeka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, anasimamia singa, yaani nyuzi zake, akajikuta anauza machungwa Muheza au anafuga ng'ombe wa maziwa Pongwe. Hawakuchagua wale. We una bahati unachagua mwenyewe na mshahara bado unaingia, sasa itumie hiyo bahati.

Kwanza jua ni nini hasa kinachokutafuna

Hapa ndo watu wengi wanaparuka haraka haraka. Mtu anasema "nimeichoka kazi" lakini ukimuuliza umechoka nini anaanza kutaja bosi, akimaliza bosi anataja nauli, akimaliza nauli anataja mshahara. Hayo ni magonjwa tofauti na kila moja lina dawa yake. Bosi mbaya dawa yake ni kuhama idara au kuhamia kwa mwajiri mwingine kwa kazi ile ile. Mshahara mdogo dawa yake ni kuomba nyongeza, au kutafuta mwajiri anayelipa zaidi. Kazi yenyewe ikiwa ndo inakuchosha, hapo sasa tunaongelea kubadili fani.

Nunua kauntabuku, kila siku jioni kabla ya kulala andika mistari mitatu tu: leo nini kimenichosha, nini kimenipa raha hata kama ni kidogo, na ilikuwa saa ngapi. Usiandike insha. Fanya hivo mwezi mzima bila kuisoma, mwezi ukiisha ndo uisome yote kwa mara moja na kalamu nyekundu mkononi, piga mstari kila kinachojirudia.

Kuna dada alikuwa anauza duka la dawa Ngamiani, alikuwa na uhakika kabisa hataki tena kuona kidonge, mpango wake aache akaoke keki. Daftari likamwonesha kitu kingine. Siku zote alizoandika raha ni siku alizoongea na wateja, bibi kaja na karatasi ya hospitali haelewi dozi akamwelewesha, mama mwenye mtoto wa homa akamwelekeza aende hospitali. Siku za kuchoka zote ni za kuhesabu stoo na kufunga hesabu usiku. Sasa mtu kama huyu ukimfungia jikoni na oveni peke yake tangu alfajiri si unamuua? Akatafuta kazi ya kuzunguka na kutambulisha dawa kwenye mahospitali na maduka, fani ile ile, cheti kile kile, kakutana na watu mpaka basi. Keki hakuoka.

Kama we ni mtumishi wa serikali ujue pia kuna njia katikati, unaweza kuomba ruhusa ya masomo ukasoma fani nyingine alafu ukaomba kubadilishiwa kada, au ukaomba uhamisho wa kawaida. Inachukua muda na barua nyingi, lakini huanzi sifuri, na ukishaacha kabisa kurudi serikalini siyo jambo rahisi.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa upendo: kama hulali, huli, hata vitu ulivyokuwa unavipenda nje ya kazi havikupi raha tena, mpira huangalii, watu huwataki, nenda hospitali kaongee na daktari kwanza. Sonona ni ugonjwa unatibika, na ukiubeba ukahama nao utaukuta kwenye kazi mpya.

Ijaribu kazi mpya kwa mikono yako

Hii ndo sehemu ninayoiamini kuliko zote. Watu tunaipenda kazi ya mwingine kwa kuiangalia kwa mbali. Unaona fundi anaingiza hela, unaona jamaa anauza samaki kanunua bajaji, huoni saa kumi ya alfajiri yake.

Jamaa mmoja alikuwa karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, anataka kuhamia ufundi wa AC na mafriji. Nikamwambia usinunue hata bisibisi, tafuta fundi mwenye heshima yake mjini, mfuate kwa adabu, mwambie "Shikamoo mzee, naomba Jumamosi niwe nakushikia ngazi, sitaki hela nataka kuona kazi." Yule mzee akamwangalia mikono akamwambia haya mwanangu, njoo na nguo za kuchafuka.

Jumamosi ya kwanza wakaenda nyumba moja inaangalia bahari. Lile boksi la nje la AC limefungwa ukutani juu, upepo wa chumvi umelila, zile pezi nyembamba za kondensa ukizigusa zinabaki kwenye vidole unga unga wa kijani na mweupe. Bolti nne, tatu zimetoka, ya nne imeshika kutu, wamehangaika nayo kwa mafuta na nyundo jua la saa sita linawapiga mgongoni, ngazi inateleza kwenye vigae. Ilipotoka ndo ikaanza kutafutwa sehemu inayovujisha gesi, unapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba alafu unasubiri uone wapi panatoa vipovu. Jamaa ananiambia hapo ndo alipotekwa, kile kitendo cha kutafuta tundu ambalo halionekani mpaka ulipate. Akafundishwa pia kwamba gesi ya R22 siyo ya R410A, ukijaza isiyo yake unaua kompresa ya watu. Kazi imeisha, sasa linakuja la hela: "Fundi si ulikuja hapa juzi juzi tu, mbona tena?" Mzee wa watu anaeleza kwa upole robo saa nzima mpaka analipwa, tena nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi.

Sasa jamaa aliporudi nyumbani alikuwa anajua kitu ambacho hakuna semina ingemwambia: kazi ya AC ni ngazi, jua, kutu na kudai hela, na bado anaitaka. Akaendelea na Jumamosi zake. Na humo humo akaona pengo, mafundi wengi wako vizuri mikononi lakini kuandika ankara ya kueleweka, kupeleka makadirio ya bei kwenye hoteli au ofisi, kufuatilia malipo, hapo wanakwama na wanakosa kazi kubwa. Yeye hiyo ndo ilikuwa kazi yake ya kila siku kwenye uwakala! Kwa hiyo hakuingia kwenye ufundi kama mwanafunzi mtupu, aliingia na kitu ambacho mzee alikuwa hana. Na we hivo hivo, kabla hujasema huna ujuzi wowote andika vitu vyote unavyovifanya kazini bila kuvifikiria, ndo hivo utakavyohama navyo. Mwalimu anajua kusimama mbele ya watu na kupanga mada, mlinzi anajua kukaa macho na kusoma watu, mhudumu wa kaunta anajua hela na hasira za wateja.

Jaribu msimu mzuri na msimu mbaya pia. Hili kwa watu wa pwani ni muhimu sana. Ukijaribu biashara ya samaki wakati wa kaskazi, bahari imetulia, mzigo unapatikana, utaona umefika peponi. Subiri kusi ianze kuvuma, ngalawa ndogo hazitoki, samaki bei juu, wateja wako wale wale hawana hela. Dagaa nao wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo kila mwezi una siku kadhaa huna mzigo na kodi ya meza iko pale pale. Mwenye kutaka kuuza chakula naye ajue Ramadhani Tanga mchana hauuzi, biashara yote inahamia jioni kwenye futari na usiku kwenye daku. Mambo haya huyaoni kwenye video ya mtu anayekwambia ameanza na elfu hamsini sasa ana milioni.

Na hao wa "fursa" wanaokuita ukumbini uvae vizuri, ulipe kiingilio alafu ulete watu wawili chini yako, achana nao kabisa. Mtu aliyechoka na kazi ndo wanayemtafuta.

Angalia pia upepo wa kazi unavuma wapi hapa kwetu. Bandari imepanuliwa, gati sasa ni mita 450 na kina kimechimbwa mpaka mita 13, meli inafunga gatini, siyo tena ile ya kusimama mbali mzigo ushushwe kwenye matishari. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Watu wengi wanasikia bomba wanadhani wote tutaajiriwa na bomba, hapana, ujenzi ndo unaokula watu wengi, ukiisha wanabaki wachache wenye utaalamu maalumu. Mi ningekuwa natafuta pa kuhamia ningeangalia vitu vinavyozunguka shughuli zenyewe: matengenezo ya magari makubwa, AC na umeme wa maofisi, nyaraka za mizigo, vyakula, ufuaji, nyumba za wageni. Hivyo mzigo ukiwa mwingi vinahitajika, ukipungua bado watu wanakula na wanafua.

Kusomea

Usijisajili kozi kabla ya zile Jumamosi. Ukishajua unataka nini, VETA wana kozi fupi na ndefu za ufundi, na kama ufundi uliujulia mtaani wana utaratibu wa kukupima ujuzi wako na kuurasimisha upate cheti bila kuanza darasa la mwanzo. SIDO wanafundisha usindikaji wa vyakula, sabuni na mengine ya viwanda vidogo. Anayetaka kubadili kwa njia ya digrii huku anafanya kazi kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, wana vituo mikoani na Tanga kipo, husomi kwa kukaa bweni.

Hela, na hapa tusifichane

Chukua ile kauntabuku, geuza nyuma, andika matumizi ya nyumba ya mwezi kwa ukweli. Tuseme kodi 100,000, chakula 250,000, shule na nauli 80,000, umeme maji na gesi 50,000, mama kijijini 50,000, dharura 40,000. Hiyo ni 570,000. Miezi sita ni 3,420,000, na hiyo ni hela ya kula tu, haina hata kopo la rangi la biashara mpya. Namba zako zitakuwa zako, ila njia ndo hiyo. Usiache kabla hujaweka angalau miezi sita pembeni, na mwenye watoto wengi aongeze.

Ukiona haiwezekani kuweka hivo, kuna jaribio zuri: kadiria kazi mpya itakuingizia kiasi gani mwanzoni, tuseme 300,000, basi ishini kwa hiyo 300,000 miezi miwili mitatu wakati mshahara bado upo na kinachobaki kiwekeni. Mtajua nyumba inapumua au haipumui, na hela itakuwa imejiwekea yenyewe.

Angalia na tarehe. Kodi wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, shule zinafungua Januari, sasa mtu anaacha kazi Desemba anajitafutia presha ya bure. Mkiwa mnatarajia mtoto fikirini pia, maana mama aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, ya mapacha 100, na bima ya afya ya kazini ikikoma ujue mtatibiwa kwa hela gani.

Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara ujue salio lake kabla, ukiacha kazi mshahara ukakatika, benki bado wanakudai. Na mtaji wa kazi mpya tafadhali usiutoe kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kukamua. Nimeona meza za kioo, tivii na magodoro ya watu yakibebwa barazani watoto wanaangalia, sitamani mtu yeyote apitie pale. Kikoba chenu, SACCOS, au mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake, ile ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu isiyo na riba, fuatilia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, ina foleni na makaratasi lakini hailali na wewe kitandani.

Nyumbani

Mwenzio asiisikie habari hii kwa mtu mwingine. Mkalishe siku ambayo hamjagombana, mpe daftari aone mwenyewe mistari ya mwezi mzima, alafu muoneshe hesabu. Mke au mume akiona umepanga anaanza kukuuliza maswali ya kusaidia badala ya kulia. Mkubaliane na kikomo pia, kwamba ikifika mwezi fulani haijaeleweka narudi kutafuta ajira bila ugomvi.

Mzazi ni mgumu zaidi, hasa aliyeuza ng'ombe ukasoma. Usimwambie "mama nimeichoka kazi," hilo kwake ni utovu wa shukrani. Mwambie "Mama, kazi mliyonisomesha imenifikisha hapa, sasa nataka kuiongezea hii, naomba dua zako," na hela yake ya mwezi isikate hata kama itapungua. Akiona haijakata atatulia.

Kuondoka kwenyewe

Soma mkataba wako. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, mkataba unaweza kusema zaidi ya hapo, na ikiwa wako ni wa muda maalumu usiuvunje kienyeji, ongea nao kwanza. Watumishi wa umma wana taratibu zao, waulize utumishi.

Mkiacha wenyewe msitegemee kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, kile ni cha aliyeachishwa na mwajiri, hata fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, halimhusu aliyeacha kwa hiari. Unachodai ni mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuitumia, na cheti cha utumishi, hicho ni haki yako usiondoke bila kukishika. Kabla hata ya barua nenda NSSF, au PSSSF kama ni mtumishi wa umma, uangalie michango yote imeingia, kuna waajiri wanakata kwenye mshahara alafu hawapeleki, ukiwa bado ndani ni rahisi kudai. Na hesabu miezi: pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, mwenye 170 kuacha leo ni kujinyima, na aliye mbali anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Wenye mkopo wa elimu ya juu ile asilimia 15 mwajiri alikuwa anawakatia, sasa inabidi mjipeleke wenyewe Bodi ya Mikopo mpange namna ya kulipa, msiukimbie.

Barua iwe fupi, tarehe ya mwisho, shukrani, basi. Usiandike malalamiko humo. Kabidhi mafaili kwa orodha na saini, mfundishe anayekuja, muage mlinzi na dada wa usafi kama unavyomuaga meneja, achia na namba yako ya simu. Yule karani wetu kazi yake ya kwanza ya mkataba ilikuwa AC za ofisi ile ile aliyoiacha, walimpigia wenyewe maana wanajua ankara zake huwa zimekaa sawa.